Mguu Wangu na Mlango wa Ghorofa ya Sita

Nilipokuwa mtoto nilidhani mama yangu anavipenda sana viatu vyangu. Kila tulipokwenda kwa watu, harusini, hitimani au kumtazama mgonjwa, tukifika mlangoni Mama huinama na kusema, "Subiri Zuwena, nikufunge kamba vizuri." Na kamba zenyewe zilikuwa zimeshafungwa! Yeye huzifungua akazifunga upya, taratibu, mafundo mawili mawili, na watu wote wakitupita na kuingia ndani. Kisha huinuka, akanishika mkono, tukaingia sisi, wa mwisho. Mie nilijiona mtoto ninayependwa kuliko wote. Nilikuwa nikiwaonea huruma watoto wengine ambao mama zao hawajishughulishi na kamba za viatu vyao.

Siku niliyoijua sababu yake nilikuwa na miaka minane, na tulikuwa tunahamia nyumba mpya, hapa hapa London, upande wa Woolwich.

Tulikuwa watu watano. Bibi, aliyemzaa marehemu baba yangu. Shangazi Moza, dada yake baba. Ami Seif, mume wa shangazi, baharia wa zamani aliyetutoa Unguja mmoja mmoja baada ya Mapinduzi. Mama, aliyekuwa akisafisha wodi za spitali. Na mimi. Sote tulibanana katika vyumba viwili juu ya duka la Bwana Ramji, Muhindi wa Nairobi, ambaye kutwa alikuwa akizungumza Kiswahili na Bibi huku akimpimia mchele. Ikaja barua ya kaunsili, halmashauri ya mji: tumepata fleti, ghorofa ya sita, vyumba vitatu, choo cha ndani, na dirisha la jikoni ambalo ukipanda juu ya kigoda unaiona pantoni ikivuka mto.

Furaha yake, jamani! Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini barua ile aliielewa kabla haijasomwa. Akaiweka sakafuni akashuka akasujudu hapo hapo. Ami Seif akamwambia, "Mama, watu watasema unaiabudu kaunsili." Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasogea mbali na barua, akaelekea kibla sawasawa, akasujudu tena.

Shangazi Moza siku zile alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kabla yake zilitoka. Ya pili ilitoka wiki ile ile tuliyoshuka London mimi na Mama. Hilo nilikuwa nikilijua kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa, kwa kusikia nusu nusu. Sikujua kama linanihusu.

Kwetu nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Hutangulia mtu mwenye mguu mwema, yaani mtu ambaye akiingia mahali, heri huingia naye. Mkononi awe na msahafu, chumvi ya mawe na chetezo cha ubani. Na kama kuna mguu mwema, basi na mguu mbaya upo: mtu akitia mguu, nuksi imetia mguu. Huyo huachwa nyuma. Hafukuzwi, maana watu wetu wana haya, lakini hutafutwa njia ya kumchelewesha. Siku ile ilikubaliwa atangulie Bibi.

Sasa, lifti ilikuwa mbovu. Ami Seif na Bwana Ramji walikuwa chini wanapigana na godoro. Bibi na magoti yake alikuwa akipumzika kila ghorofa, Mama akimbebea chetezo. Shangazi alipanda polepole mbele yao, mkono kiunoni. Na mie asubuhi ile nilikunywa chai vikombe viwili vikubwa, mkojo umenibana hata naona giza. Nikawapita wote ngazini mbio. Mama aliniita, sikusimama. Kufika juu, mlango uko wazi, mzee mmoja wa Kizungu mwenye rundo la funguo anajaribu bomba la jikoni. Nikamuuliza choo kiko wapi. Akaninyooshea kidole. Nikaingia.

Mnaona mambo ya Mungu! Nyumba iliyopangiwa msahafu na ubani, kilichoitangulia ni mkojo.

Nilipotoka nilikuwa mwepesi na mwenye raha. Yule mzee keshaondoka zake. Nikaanza kukimbia chumba hadi chumba nikipiga kelele, nisikie sauti yangu inavyorudi katika kuta tupu. Ndipo nikamsikia Shangazi.

Alisimama nje ya kizingiti, mikono yote miwili juu ya tumbo. "Nani kakuingiza humu?"

"Nilikuwa nataka choo, Shangazi."

Aligeuka akapiga ukelele ngazini, "Wifi! Wifi, njoo umtazame mwanao! Miaka yote milango ya watu unamfunga viatu, leo nyumba yangu mie ndiyo umemwachia? Na mimba hii? Mimba hii, wifi?" Akakaa chini pale pale kwenye ngazi akalia.

Mama alifika. Aliangalia viatu vyangu, na mimi nikaviangalia. Kamba zilikuwa zimefunguka, kwa zile mbio. Nikaikumbuka milango yote, mmoja baada ya mmoja, nikafahamu. Watu husema mtoto hafahamu. Nilifahamu pale pale: mguu mbaya ulikuwa wangu.

Bibi akafika wa mwisho, anahema. Akatutazama sote, akamtazama Shangazi anayelia, akanitazama mimi niliye ndani. Nilikuwa nikimtegemea Bibi kuliko mtu yeyote duniani, nikamngojea aseme kitu. Akasita. Nilimwona kwa macho yangu akisita, mguu mmoja hewani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haya, ingieni, mizigo mizito." Akaingia, akafukiza, akasoma, na chumvi akaimwaga pembe zote mpaka mfuko ukabaki mtupu.

Wiki tatu zikapita. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, na afadhali ningepigwa. Nikiingia chumbani, Shangazi hushika tumbo. Nikipita jikoni, hunyamaza. Mama akawa ananiondoa mapema asubuhi kunipeleka skuli, na jioni ananichelewesha sokoni, tunaangalia viazi tusivyonunua. Nilianza kutembea nikiangalia miguu yangu. Nilitaka kujua ni upi katika hiyo miwili.

Jumamosi moja mchana nilikuwa natoka chuoni, kusoma Kurani kwa mwalimu wetu wa Kimombasa. Nikakuta gari la wagonjwa chini ya jengo. Nikapanda ngazi, na ghorofa ya nne nikakutana nao: wanaume wawili wanamshusha Shangazi kwenye machela, Ami Seif na Mama nyuma yao. Kanga ya Shangazi ilikuwa na damu. Macho yetu yakakutana. Akaugeuza uso wake ukutani.

Nimeshasamehe, na yeye marehemu sasa, Mungu amrehemu, lakini nisiseme uongo: ukuta ule ninao mpaka leo.

Nilipofika mlangoni kwetu sikuingia. Nilikaa chini nje ya mlango, kwenye saruji baridi, mkoba wa chuoni mapajani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kuingia kwangu ndiko kulikoleta haya, basi nisipoingia tena mtoto atapona. Nilipanga kulala pale, na asubuhi niende nikakae kwa Bwana Ramji, niwe nalala juu ya magunia ya mchele. Yeye ni Baniani, nikasema, labda nuksi zetu hazimdhuru.

Bibi akafungua mlango. "We mtoto! Unafanya nini hapo? Ingia, baridi."

"Siingii, Bibi."

"Huingii kwa nini?"

"Ili mtoto wa Shangazi asife."

Bibi akajishika kwenye fremu ya mlango, akaanza kushuka, goti la kwanza, la pili, ya Rabbi, ya Rabbi, mpaka akakaa na yeye sakafuni ubavuni mwangu. Bibi yangu, ambaye kuketi mkekani tu ilikuwa kazi.

"Leo mwalimu kakusomesheni nini?"

"Tulirudia Kulhuwallahu."

"Isome."

Nikaisoma mpaka mwisho. Bibi akasema, "Maana yake?"

Mwalimu wetu alikuwa mkali wa maana, kwa hiyo nilikuwa nazo kichwani. Kwamba Mungu ni mmoja. Kila kiumbe kinamtegemea Yeye na Yeye hategemei kitu. Hakuzaa, hakuzaliwa. Na hakuna hata mmoja anayelingana naye.

"Vizuri. Sasa nionyeshe," Bibi akasema. "Humo ndani mguu wako umekaa wapi?"

Nikafikiri ni mtihani. Nikaipitia tena moyoni, neno kwa neno. "Haumo, Bibi."

"Haumo. Sasa kama haumo humo, uliipata wapi nguvu ya kuua mtoto tumboni?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia Shangazi ndiye aliyesema, na Mama anajua, na watu wote wanajua, na hata yeye Bibi siku ile alisita. Hilo la mwisho lilinitoka bila ya adabu. Sikuwahi kumwambia mtu mzima neno kama lile.

Wakati ule mlango wa jirani ukafunguka, akatoka bibi mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe. Alidhani tumejifungia nje. Akarudi ndani akatuletea vikombe viwili vya chai ya maziwa, akatuwekea sakafuni. Bibi akamwambia "senkyu, dia," maneno yake mawili yote ya Kiingereza, na akasubiri mpaka mlango ule umefungwa.

"Nilisita," akasema. "Kweli nilisita. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Na ngoja nikwambie la pili, kubwa kuliko hilo. Neno lile halikuanzia kwa Moza. Limeanzia kwangu mie."

Akanisimulia kwa mara ya kwanza. Baba yangu alitoka asubuhi siku yangu ya saba, siku ya kunyolewa nywele, kwenda kutafuta sukari katika mji uliokuwa umejaa bunduki. Jioni wakaletewa habari kuwa hatorudi. Nyumba ilikuwa na wanawake tele waliokuja kwa ajili yangu. Na Bibi, mwanawe wa pekee wa kiume kafa, aliniangalia mikononi mwa mama yangu akasema mbele ya wote: mtoto huyu kaja na mguu mbaya.

"Mara moja tu nililisema," Bibi akasema. "Watu wakalichukua. Limepanda ndege kabla yako likakungojea London. Nimesali sala tano kila siku tangu siku ile, nasema hakuna mola ila Mungu mmoja, na nikiteremka mswalani nakuona wewe na moyo wangu unaogopa miguu ya mtoto mchanga. Nimejifanyia miungu wawili, Zuwena. Mmoja namsujudia na mmoja namwogopa. Mungu naye ni mwingi wa rehema, naomba atanisamehe. Lakini haki yako iko kwako. Nisamehe, mjukuu wangu."

Mie mtoto wa miaka minane, nimsamehe Bibi! Sikujua linafanywaje. Nikamwambia, "Kunywa chai, Bibi, itapoa." Akanywa.

Kisha akasema jambo ambalo nalivaa kama mkufu hadi leo. "Hatujui Moza atarudi na nini. Mtoto akiishi, ni Mungu kamweka. Akifa, ni Mungu kamchukua. Vyovyote vitakavyokuwa, wewe humo. Nakwambia sasa hivi, kabla hatujajua, ili usije ukadhani nimesema kwa furaha."

Akaninyooshea mkono nimwinue. Nikamwinua, kwa shida. Mlango ulikuwa wazi. "Haya," akasema, "Bismillahi. Wewe mbele." Nikaingia, na Bibi akaingia nyuma yangu, ameshika vikombe vya jirani.

Siku ya pili yake mtoto alizaliwa, njiti, mdogo, wakamtia katika sanduku la kioo. Siku nyingi tulikuwa hatujui. Ami Seif hakulala, Mama alikuwa akimaliza zamu yake ya kusafisha anakwenda kusimama mbele ya kioo kile, na mie nilikuwa nikisali rakaa nisizojua idadi yake. Mtoto akakaza, akapona. Bibi ndiye aliyempa jina: Abdulwahid, mtumwa wa Yule Mmoja.

Hapa mtu angedhani hadithi imekwisha. Haikwisha, maana binadamu hatuna dogo.

Siku Shangazi alipoletwa nyumbani na mtoto wake, lifti siku hiyo imetengenezwa, alhamdulillahi, tulisimama sote mlangoni. Nikarudi nyuma, mazoea. Shangazi akaniita, macho yamemjaa. "Zuwena, mwanangu, ingia wewe mwanzo. Nilikukosea. Kumbe mguu wako mwema! Nyumba uliifungua wewe, na mtoto huyu ndiye wa kwanza kupona."

Jamani, utamu wa maneno yale! Nikahisi nimeota mbawa. Nikanyanyua mguu.

"Simama hapo!" Bibi akasema. Alisema kwa ukali hata Abdulwahid akashtuka. "Moza, tumetoka shimoni, usitutie kisimani. Mtoto huyu hana mguu mbaya, na mwema hana. Ana miguu miwili ya kutembelea, basi. Aingie mwenye mzigo. Wewe ndiye mwenye mzigo. Ingia, mtoto anapigwa na baridi."

Shangazi akaingia. Sisi tukafuata, shaghalabaghala, hata sikumbuki nani nyuma ya nani.

Nilikasirika na Bibi, nakiri. Na mwezi ule ule Bwana Ramji, ambaye habari za mguu wangu zilikuwa zimemfikia, alifungua duka la pili Ilford. Akaja na boksi la maembe ya kopo. "Mama, mimi naomba huyu toto wako aingie duka yangu kwanza. Biashara itakimbia!" Bibi akayarudisha maembe. Akamwambia atamwombea dua kwa Mungu, na kama anataka mtu wa kuingia kwanza, aingie mnunuzi. Nililia kwa ajili ya maembe yale. Kidogo tu nilikuwa nimeonja kuwa mtu wa heri, nikanyang'anywa.

Ilinichukua miaka kuona nilichopewa. Lau Bibi angeniacha niwe mguu mwema, ingekuja siku. Duka lingefilisika, mimba nyingine ingetoka, na mimi ningerudishwa nyuma ya mlango. Bibi aliniondoa katika mizani yote miwili. Kumpwekesha Mungu kulikuwa somo la chuoni, lenye kuhifadhi na kuadhibiwa. Kwangu mie lilikuwa ruhusa. Nilikuwa mtoto niliyebeba kifo cha baba yangu na mimba za shangazi yangu na mji mzima uliopotea, na bibi kizee mwenye magoti mabovu alikaa sakafuni akanitua yote, akayapeleka kwa Mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa nyumba, kazi na afya. Na Mama hakunifunga tena kamba mlangoni. Nilijifunga mwenyewe, vibaya.

Mwaka jana nilihamia Ilford, karibu na binti yangu. Abdulwahid, mwanamume wa kitambi na mvi, alikuja kunisaidia. Alifika mlangoni na kabati mgongoni akauliza, "Dada, nani anaingia mwanzo?" Amelelewa na Shangazi, yaliyomo yamo.

"Wewe, mwenye mzigo!" nikamwambia. Akaingia anacheka na kuguna.

Nyuma yake alikuwa mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kunijibu kwa Kiingereza. Alisimama kizingitini, akanionyesha kiatu chake. Kamba zimefunguka. Nikaanza kuinama, na magoti yangu nayo sasa ni ya Bibi kabisa. Nikasimama. Nikamshika begani, nikamsukuma mbele yangu.

"Ingia tu, mjukuu wangu. Tutazifunga ndani."